Kufukuzwa kwa Dalili za Ugonjwa

Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, ilitoa ripoti ambayo kila anayezungumzia tiba ya wanajeshi wa zamani angepaswa kuanza nayo. Wakaguzi waliwachukua wanajeshi 91,764 walioondolewa kazini kwa utovu wa nidhamu kati ya mwaka wa fedha 2011 na 2015, wakafungua mafaili yao ya hospitali. Wanajeshi 57,141, asilimia 62, walikuwa wamekwisha kuonwa na daktari na kuandikiwa, ndani ya miaka miwili kabla ya kufukuzwa, kwamba wana kiwewe cha vita, jeraha la ubongo au maradhi mengine yanayoweza kumfanya mtu avunje amri. Tusizidishe chumvi: kiwewe na jeraha la ubongo vilikuwa asilimia 16 ya wote waliofukuzwa, na matatizo mengine, ulevi ukiwemo, yalikuwa mengi zaidi. Lakini jeshi lilikuwa na jibu la daktari mkononi, na bado likaandika utovu wa nidhamu. Kati ya hao 57,141, wanajeshi 13,283 walitoka na hati ambayo askari wenyewe huiita karatasi mbaya.

Asiyeishi Marekani huenda asiuone uzito wa karatasi hiyo. Mwanajeshi anapoacha kazi hupewa hati iitwayo DD 214, na humo huandikwa daraja la kuachishwa kwake. Mwajiri huiulizia. VA, idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wa zamani, huisoma kabla ya kumsikiliza mtu shida yake. Aliyeachishwa kwa heshima ana njia nyeupe. Mwenye karatasi mbaya huambiwa kwamba jalada lake lazima lipitiwe kwanza, ili ijulikane kama mwenendo wake kazini unamruhusu hata kuhesabiwa kuwa mwanajeshi wa zamani. Mtu aliyekwenda Iraki mara tatu anakaa miezi akisubiri kuambiwa kama aliwahi kuwa askari.

Habari nyingi kuhusu tatizo hili huishia kwenye uhaba: madaktari hawatoshi, vitanda havitoshi, bajeti haitoshi. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2014 hospitali ya VA ya Phoenix iligunduliwa kuwa na orodha za siri za kusubiri, na kashfa hiyo ikamng'oa waziri Eric Shinseki mwezi Mei. Lakini Marekani ina dawa, ina mbinu zilizopimwa, ina hospitali kila jimbo. Kinachowakwamisha wagonjwa wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni masharti ya mlangoni. Mfumo unamtaka mgonjwa awe na nidhamu, awe mkavu bila tone la pombe, awe na karatasi safi na subira ya kujaza fomu, na hayo manne ndiyo ambayo ugonjwa wenyewe huyala kwanza.

Tazama ugonjwa unavyokwenda. Askari aliyezoea kulala jicho moja wazi anarudi nyumbani, na mwili wake haujapata taarifa kwamba vita vimekwisha. Mlango ukigongwa anaruka. Akifumba macho yanakuja majinamizi. Halafu anagundua kwamba bia sita zinamlaza. Hapa wahubiri wa kiasi huwa wanakwepa jambo moja: pombe inafanya kazi, angalau wiki za kwanza. Inauvuta usingizi na kuzima hofu kwa saa chache. Ubaya ni kwamba ikishaanza kuisha mwilini, saa tisa usiku, usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa nguvu zaidi, na kesho yake zinahitajika bia nane. Ikifika hatua ya arosto, yaani mwili kuidai pombe iliyokatika, mambo huchanganyika kabisa: jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kushtuka kwa kila sauti, kukosa usingizi. Ni karibu dalili zilezile za kiwewe. Mgonjwa mwenyewe hajui kipi kinasema, vita au chupa, na daktari anayemwona kwa dakika ishirini hajui pia. Wakati huo kamanda wa kikosi anaona kitu kimoja tu, askari anayechelewa gwaride akinuka pombe.

Kwa miongo kadhaa kliniki zilijibu hali hii kwa amri moja: acha pombe kwanza, ukishakuwa mkavu miezi kadhaa uje tuzungumze kuhusu vita. Wodi ya ulevi ilikuwa jengo moja, kliniki ya kiwewe jengo jingine, na kila moja ilimtuma mgonjwa kwa mwenzake. Ni sawa na kumtaka mgonjwa wa malaria ashushe homa kwanza ndipo apimwe. Hofu ya waganga haikuwa ya kipuuzi, kwa maana waliamini kwamba kuchimbua kumbukumbu za vita kungemrudisha mtu kwenye chupa. Lakini hofu hiyo ilipopimwa haikusimama. Mwaka 2013 Edna Foa na wenzake wa Philadelphia walichapisha matokeo ya watu 165 waliokuwa na kiwewe na ulevi kwa pamoja. Baadhi yao walipewa tiba ya kuirudia kumbukumbu ya tukio hatua kwa hatua, mbele ya mtaalamu, mpaka inapoteza makali, na baadhi wakapewa naltreksoni, dawa inayopunguza hamu ya pombe. Kuzifungua kumbukumbu hakukuongeza unywaji. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Australia walikuwa wamewatibu watumiaji wa dawa za kulevya kwa njia ya kuunganisha, na dalili za kiwewe zikapungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Leo mwongozo wa pamoja wa VA na Wizara ya Ulinzi unasema wazi kwamba uraibu usiwe sababu ya kumnyima mtu tiba ya kiwewe.

Mwongozo huohuo unawaonya madaktari wasitoe vidonge vya kutuliza vya jamii ya Valium kwa mgonjwa wa kiwewe. Onyo hilo lina historia chungu, kwa sababu sehemu ya uraibu huu ilianzia kwenye dirisha la dawa la serikali. Mwaka 2012 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchambuzi wa wanajeshi 141,029 waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan wakiwa na maumivu ya mwili. Wasiokuwa na ugonjwa wowote wa akili, asilimia 6.5 waliandikiwa dawa za jamii ya kasumba. Wenye kiwewe, asilimia 17.8. Yaani waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kunaswa ndio waliopewa zaidi. Huhitaji kudhani kulikuwa na njama. Daktari amechoka, mgonjwa analia mgongo na hasemi kitu kuhusu ndoto zake, kidonge kinamaliza mazungumzo. VA imepunguza sana utoaji wa dawa hizo tangu wakati huo, ila kuna waliokwisha kuhamia kwenye heroini ya mtaani pale kidonge kilipokatwa.

Kuna kisa cha zamani kinachopenda kutajwa hapa, na mara nyingi hutajwa nusu. Mwaka 1971 wabunge wawili walirudi Washington kutoka Vietnam na taarifa kwamba asilimia 10 hadi 15 ya wanajeshi walikuwa waraibu wa heroini. Rais Nixon akaagiza kila askari apimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Aliyekutwa na unga alibakizwa mpaka utoke mwilini. Mtafiti Lee Robins wa St. Louis akapewa kazi ya kuwafuatilia waliorudi. Takriban mmoja kati ya watano alikiri kwamba alikuwa mraibu kule. Baada ya kufika nyumbani, asilimia 5 tu ya hao walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza, na asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa hubiri: mtoe mtu kwenye mazingira, uraibu utakufa wenyewe.

Kilichopimwa kilikuwa heroini. Unga safi na wa bei ya chini ulibaki Saigon, na nyumbani Ohio kulikuwa na mke, kazi na polisi. Ila sababu iliyowafanya wauvute ilipanda ndege pamoja nao, na haikuonekana kwenye kipimo cha mkojo. Wala haikuwa na jina rasmi. Kiwewe cha aina hii kiliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuta kwamba asilimia 30.9 ya wanaume waliopigana Vietnam walikuwa wamewahi kuugua, na asilimia 15.2 walikuwa bado wagonjwa siku walipohojiwa. Robo karne baadaye walifuatiliwa tena, na makadirio yakawa wazee 271,000 wanaoishi nacho. Anayesema wanajeshi wa Vietnam walipona wenyewe amesoma jedwali moja la Robins na kufunga kitabu.

Jambo moja la kipindi kile ninalisifu bila kusita. Mapema miaka ya 1970, wanajeshi waliokataa kuiamini VA walianza kukutana New York, wakiketi kwenye duara na kuzungumza, na wakawaalika madaktari wachache wa akili waje kama wenzao. Mikutano hiyo ndiyo iliyosukuma ugonjwa huu utambuliwe, na ndiyo iliyozaa vituo viitwavyo Vet Center, vilivyoanzishwa mwaka 1979. Leo viko karibu 300. Mtu anaingia bila rufaa ya hospitali, mara nyingi anapokelewa na mtu aliyevaa sare kama yeye, mke na watoto wanapokelewa pia, na mafaili yake hayachanganywi na ya hospitali wala kupelekwa kwa mwajiri bila ridhaa yake. Sharti la mlangoni ni dogo. Sioni kama ni bahati kwamba kituo cha aina hii kilibuniwa na wagonjwa wenyewe.

Kuhusu karatasi mbaya, Marekani imekuwa ikifungua mlango kidogokidogo. Septemba 2014 waziri wa ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi za kurekebisha kumbukumbu ziwafikirie kwa moyo mpana walioachishwa vibaya wakiwa na kiwewe. Mwaka 2017 David Shulkin, waziri wa VA, aliruhusu huduma ya dharura ya afya ya akili ya siku 90 kwa wenye karatasi hizo. Mwaka 2018 Bunge liliongeza wigo kwa waliopelekwa vitani na walionyanyaswa kingono jeshini. Tangu Januari 17, 2023, mwanajeshi wa zamani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kuingia hospitali yoyote, hata ya binafsi na hata kama hajawahi kujiandikisha VA, akalazwa mpaka siku 30 na kutibiwa nje siku 90 bila kulipa. Ni hatua za kweli. Lakini kila moja ina tarehe yake, masharti yake na fomu yake, na mtu wa kwanza kuzitafsiri ni karani wa mapokezi. Mwaka 2020 kituo cha msaada wa kisheria cha Harvard kilionyesha jinsi makarani walivyokuwa wakiwageuza watu mlangoni kinyume cha sheria, kwa kuwaambia tu kwamba hawastahili. Mlevi mwenye aibu hajibishani na karani. Anarudi kwenye gari. Mwaka 2022 wanajeshi wa zamani 6,407 walijiua Marekani, na karibu sita katika kila kumi hawakuwa wamepata huduma ya hospitali za VA siku za karibuni.

Pale mlango wa mbele unapokuwa mgumu, soko hufungua wa nyuma. Anayetafuta msaada mtandaoni usiku wa manane hukutana na matangazo ya vituo vyenye bendera na picha za fukwe. Florida ilipata sifa mbaya kwa madalali wa wagonjwa: mtu mwenye bima anaokotwa, anapelekwa kituoni, dalali analipwa kwa kichwa, na mgonjwa akirudia unga dalali anafurahi kwa sababu anamuuza tena. Google ilisitisha matangazo ya tiba ya uraibu mwaka 2017 kabla ya kuyarudisha kwa masharti ya uhakiki, na mwaka 2018 sheria ya shirikisho ikapiga marufuku malipo ya udalali huo. Wengine huvuka mpaka kwenda Meksiko kunywa ibogeini, itokanayo na mzizi wa iboga ambao waumini wa Bwiti wa Gabon wameutumia kwa vizazi. Ni haramu Marekani. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walieleza wanajeshi 30 wa vikosi maalumu waliotibiwa hivyo, na dalili zao zikashuka mno baada ya mwezi mmoja. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na dawa hiyo inaweza kuuvuruga moyo mpaka kuua; walipewa magnesi ili kuulinda. Sisemi ni uongo. Nasema komando anayepanda ndege kwenda kunywa mzizi wa Gabon katika kliniki ya Meksiko ametuambia kitu kuhusu hospitali iliyo karibu na kwake.

Na tusijidanganye kwamba tiba zilizothibitishwa ni laini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lililowahusisha wanajeshi wa zamani 916 katika vituo 17 vya VA, lililinganisha tiba mbili bora za mazungumzo. Zote zilisaidia, na katika zote takriban nusu ya walioanza hawakumaliza. Kukumbuka maiti ya rafiki kila wiki kwa miezi mitatu ni kazi. Kituo kinachokuahidi kupona kwa siku 28 bila machozi kinakuuzia likizo.

Kwa familia ya Mswahili iliyo Marekani jambo hili si la mbali. Jeshi la Marekani liliwahi kuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, na Kiswahili kilikuwa katika orodha. Askari asiye raia anabeba hatari ya ziada: akikutwa na kesi ya dawa za kulevya, anaweza kufukuzwa katika nchi aliyoipigania. GAO ilihesabu wanajeshi wa zamani wapatao 250 waliofunguliwa mashauri ya kuondolewa au kuondolewa kabisa kati ya 2013 na 2018. Kwa hiyo mwenye mtoto au ndugu huko anayekunywa peke yake tangu arudi, asisubiri afikishwe mahakamani. Namba ya simu ya dharura 988, kisha kubonyeza 1, inapokelewa saa zote. Vet Center haihitaji rufaa. Kabla ya kulipa kituo chochote cha binafsi, ulizeni kama kiwewe na uraibu vinatibiwa pamoja na mtaalamu yuleyule, kama wanatoa dawa kama naltreksoni au, kwa waraibu wa dawa za jamii ya kasumba, buprenofini, na nini hufanyika mgonjwa akirudia katikati ya tiba. Wakijibu kwamba akirudia anafukuzwa, tafuteni kwingine. Na karatasi ikiwa mbaya, muoneni mwanasheria wa wanajeshi wa zamani. Wengi hufanya kazi hiyo bure, na daraja linaweza kubadilishwa hata baada ya miaka mingi.

Huku kwetu wanajeshi wanaorudi na vita kichwani wapo. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Uganda ilikuwa huko tangu 2007. Tanzania ilipoteza walinda amani wasiopungua 14 katika shambulio moja huko Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 7, 2017. Kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa Januari 15, 2016, na mpaka leo serikali ya Kenya haijatoa idadi rasmi ya waliouawa. Ni vigumu kumwambia aliyenusurika azungumze kuhusu siku ambayo serikali yake imeinyamazia. Yapo mabadiliko: Kenya ilipitisha sheria ya wanajeshi wa zamani mwaka 2022, na Januari 9, 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kliniki za methadoni zipo, Muhimbili tangu 2011 na baadaye Mathari na Pwani ya Kenya, ingawa methadoni ni ya waraibu wa unga, haina la kufanya kwa mlevi wa pombe.

Kitu kimoja tunaweza kukichukua kwa Wamarekani, na ni kile ambacho wao wenyewe walikiandika na kukitekeleza vibaya. Sheria yao inataka mwanajeshi aliyetumwa nje na mwenye kiwewe au jeraha la ubongo achunguzwe na daktari kabla ya kuondolewa kwa karatasi mbaya, ili ijulikane kama ugonjwa unahusika na kosa. Ripoti ile ya 2017 ilikuta sera za baadhi ya matawi ya jeshi haziendani na za wizara. Mbunge wa Nairobi, Dodoma au Kampala anaweza kuuliza swali hilo bajeti ya ulinzi itakapoletwa: askari aliyerudi Somalia au Kongo akianza kunywa na kutoroka kambi, anaonwa na nani kwanza, daktari au mahakama ya kijeshi? Na huyo daktari, ripoti yake anampelekea nani?